Ampu ya valvu nimejijengea inapiga filimbi na kunguruma, nianzie wapi?

NyuziSita_Karibo
Habari zenu wadau. Niko Kariobangi South, napiga solo kanisani na benga kidogo wikendi, na tangu Januari nimekuwa nikijenga ampu ndogo ya valvu kwa mchoro wa Fender Champ 5F1, ile ya wati 5 hivi, valvu tatu tu: 12AX7 mbele, 6V6 ya kusukuma spika na 5Y3 ya kugeuza AC kuwa DC. Sanduku nilikunjiwa bati Kamukunji, rizista na kapasita nimeokota kidogokidogo Luthuli kila nikipata mia mbili, transfoma ya stima nilisukiwa na fundi mmoja mtaani, volti 240 inaingia, 325-0-325 inatoka. Spika ni inchi 8.

Jana usiku ndio nimewasha mara ya kwanza. Valvu zikashika rangi ya chungwa, nikafurahi sana, halafu baada ya sekunde kama kumi spika ikapiga filimbi kali mpaka mtoto wa jirani akaamka akilia, nikazima. Leo nimejaribu tena, ni vilevile hata gitaa likiwa halijachomekwa, hata volyumu ikiwa sufuri, na chini ya hiyo filimbi kuna mngurumo mzito hauondoki. Nilipima haraka: pini 3 ya 6V6 (pleti) ni volti 330, pini 8 (kathodi) ni 18.5. Solda nimezipitia mara tatu. Nilikuwa nataka nibadilishe kapasita zote na nitafute 12AX7 ingine lakini pesa imeisha, nisaidieni nijue pa kuanzia.

Solo_Rhumba
Usinunue kitu bado bro. Hapo umesema jambo moja linatuambia mengi, kwamba filimbi haijali volyumu. Kwa 5F1 potensha, yaani kile kitufe cha kuzungusha cha volyumu, inakaa katikati ya zile nusu mbili za 12AX7, maana ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja, kwa hivyo kama iko sufuri na bado inalia, shida iko baada yake, si kwa jeki wala nusu ya kwanza.

Angalia ile rizista ya 22k inayotoka kwa spika ikirudi kwa kathodi ya nusu ya pili. Kazi yake ni kupunguza, yaani inarudisha sauti kidogo ikiwa imegeuka. Sasa kama nyaya za transfoma ya spika umeunga kinyume, badala ya kupunguza inaongeza, sauti inajizungusha yenyewe mpaka inakuwa filimbi. Toa mguu mmoja wa hiyo 22k, washa. Ikinyamaza basi umepata, geuza nyaya mbili za transfoma halafu rudisha rizista. Unaweza kugeuza upande wowote lakini mimi hugeuza upande wa spika, maana huko hakuna volti za kuua mtu.

Volti zako ziko sawa pia. 18.5 gawa kwa 470, ohm za rizista ya kathodi ya 6V6, ni karibu miliampea 39, zidisha na 311 iliyobaki unapata wati 12 na kidogo, na hapo mkondo wa skrini, ile gridi ya pili ndani ya 6V6, umehesabiwa ndani, kwa hivyo pleti yenyewe iko chini ya ile wati 12 ambayo karatasi za zamani zinasema ndio mwisho wake. 6V6 yako haiumii.

MzeeSolda
Kijana, kabla hujatoa mguu wa rizista yoyote, umemaliza vipi chaji ya kapasita? Ukichomoa stima hizo kapasita bado zinaweza kubaki na volti 300 na zaidi, na hazingoji mtu. Tafuta rizista ya 10k wati 5, iunge waya wenye klipu kila upande na uifunike vizuri, klipu moja kwa chesisi, yaani bati la sanduku, ingine kwa kapasita kubwa, hesabu mpaka kumi, halafu pima na mita uone sufuri kwa macho yako. Usitumie bisibisi. Na ukipima ikiwa imewashwa mkono wa kushoto uwe mfukoni. Nimeshika hiyo stima mara moja tu miaka ya nyuma nikitengeneza redio na kidole bado kina alama. Na usiwashe bila spika kuungwa, transfoma inaweza kuungua.

Sasa mngurumo. Wewe una gitaa, litumie. Bonyeza uzi mnene freti ya 3, hiyo ni G, inakaribia sana hezi 100. Kama mngurumo uko hapo, angalia kapasita za DC, ju 5Y3 inatoa mawimbi 100 kwa sekunde. Kama uko oktevu moja chini, hiyo ni 50 ya stima yenyewe, angalia nyaya za hita, zile za kupasha valvu moto, ama vile umeunga chesisi. Sikiliza kwa makini maana inchi 8 haitoi 50 vizuri. Kisha zima, chomoa 12AX7, washa tena utuambie.

NyuziSita_Karibo
Asanteni sana. Mzee, ukweli ni kwamba sikuwa nimetoa chaji, nimeogopa nikisoma. Nimetengeneza hiyo ya 10k kwanza.

Nimetoa 22k, kimya! Nimegeuza nyaya upande wa spika, nikarudisha, filimbi imeisha kabisa. Mngurumo bado, uko chini ya ile G, na nikichomoa 12AX7 unaisha karibu wote.

MzeeSolda
Basi unaingilia kwa 12AX7. Waya za hita, ile ya volti 6.3, zina waya wa katikati unaoenda kwa chesisi?

NyuziSita_Karibo
Fundi alitoa mbili tu. Nimeziunga moja kwa moja kwa valvu, hazigusi chesisi mahali popote.

MzeeSolda
Ndio hiyo. Weka rizista mbili za 100 ohm nusu wati, kila waya wa hita na yake, zikutane kwa chesisi. Na usokote hizo nyaya mbili pamoja kama kamba, uzibane kwenye kona ya sanduku mbali na nyaya za gridi, pale sauti inaingilia kwa valvu.

NyuziSita_Karibo
Nimefanya yote leo jioni, 100 ohm mbili zimenigharimu shilingi ishirini. Mngurumo sasa nausikia tu nikiweka sikio karibu na spika. Nimepiga saa nzima, ukiipandisha mpaka saba hivi inaanza kukwaruza kidogo, tamu sana, na nyuzi nyembamba zinalia wazi vile nilikuwa nataka. Pini 8 sasa ni 18.7. Na mzee, ile 10k nimeifunga kwa kamba ndani ya sanduku isipotee.