Tupeane uzoefu: zile namba za corona za kila siku ulikuwa unazisomaje?

Mwalimu wa hisabati, Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sekondari, na kila nikifika mada ya takwimu kidato cha tatu narudi kwenye namba za corona. Sidhani kama kuna namba zilizowahi kufuatiliwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja. Mpaka bibi asiyejua kusoma alikuwa anauliza, "Leo wangapi?" Lakini kuuliza wangapi ni jambo moja, na kujua jibu lina maana gani ni jambo lingine. Naomba tupeane uzoefu: wewe ulikuwa unaangalia nini hasa, na ulijuaje kwamba hali inapanda au inashuka?

Naanza mimi. Kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020, Arusha. Mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu Majaliwa alitaja wagonjwa 480 na vifo 16. Siku chache baadaye Zanzibar ikatoa hesabu yake, jumla ya taifa ikafika 509 na vifo 21. Ikagandia hapo. Kwa zaidi ya mwaka ukifungua jedwali la dunia unakuta Tanzania 509, na kwenye safu ya wagonjwa wapya ni sifuri, sifuri, sifuri, mpaka katikati ya 2021 serikali ya Mama Samia ilipoanza tena kutoa taarifa.

Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa wadogo sana. Ukiwaonyesha mchoro ule bila maelezo wanasema, "Mwalimu, hapa ugonjwa uliisha." Na mchoro kweli unasema hivyo! Sifuri ya aliyehesabu akakosa na sifuri ya asiyehesabu zinaandikwa vilevile. Hilo nalirudia darasani mpaka lishike.

Sisi tuliokuwepo tulisoma kwingine. Januari na Februari 2021 taarifa za misiba zilikuwa zinafuatana kwenye makundi ya WhatsApp, ya ukoo, ya kanisa, ya tuliosoma pamoja, na maneno yalikuwa yaleyale: changamoto ya upumuaji. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilisema wazi kwamba ameugua corona, akafariki 17 Februari. Kwenye jedwali la dunia siku hiyo, Tanzania wapya sifuri.

Karibuni.

Mhudumu wa maabara, Mombasa

Mwalimu, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mimi nilikuwa kwenye timu ya kuchukua sampuli, kwa hivyo niliiona namba kabla haijawa namba.

Watu walikuwa wakisikia "katika saa 24 zilizopita" wanadhani hao wameambukizwa jana. La. Ni sampuli zilizomalizwa kupimwa katika saa hizo. Mtu ameambukizwa, siku zinapita ndipo ahisi homa, nyingine zinapita ndipo aje kwetu. Tunamchukua kwa kijiti puani, kijiti kinaingia kwenye kichupa, kichupa kinabandikwa namba yake, fomu inajazwa kwa mkono, kila kitu kwenye kisanduku cha barafu, safari ya maabara. Barafu ikiyeyuka wino wa lebo unachuruzika, mtu unakaa unalinganisha fomu na vichupa kimoja kimoja. Kuna fomu zilikuwa na namba ya simu iliyopungua tarakimu moja. Majibu ya huyo yakitoka, utampataje?

Halafu kuna jambo la vitendanishi, zile kemikali za kupimia. Vikikosekana, sampuli zinalala kwenye friji zikisubiri. Siku hizo kaunti inasomwa ina wagonjwa wachache, watu wanavua barakoa. Vitendanishi vikifika, mlimbikizo wote unapimwa kwa mpigo, na jioni taarifa inasema Mombasa imelipuka. Mamangu alikuwa akinipigia simu siku kama hizo analia niache kazi. Namwambia, mama, hawa si wa leo, hawa ni wa tangu wiki iliyopita, wengine washapona tayari.

Kwa hivyo nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja: hatujadili namba ya siku moja. Jumapili jioni tunajumlisha za wiki nzima, tunalinganisha na wiki iliyotangulia.

Dereva wa lori, njia ya Mombasa hadi Kampala

Naomba nami niseme langu kwa sababu sisi madereva tuliumizwa na hizi hesabu.

Mei 2020 pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ya malori ilikuwa ya kilomita na kilomita, watu wanalala chini ya trela wakingoja majibu. Dereva hapiti bila kupimwa. Mwenye duka wa hapo kando hapimwi, boda boda hapimwi, anayekuuzia chapati hapimwi. Jioni redio inatangaza: wagonjwa wapya leo, wengi wao ni madereva wa masafa marefu. Sasa niulize, nani mwingine alikuwa kwenye ile foleni ya kupimwa? Ukichunguza ndoo moja tu ya maji kijijini, uchafu wote wa kijiji utaonekana uko kwenye ndoo hiyo.

Basi tukawa sisi ndio corona. Kuna vituo tulikuwa tunasimama miaka yote, wakakataa kutuuzia hata maji. Watoto wanakimbia wakiona lori. Sibishi kwamba madereva waliugua, waliugua na wengine wenzetu tuliwazika. Lakini namba ilisema zaidi kuhusu nani anapimwa kuliko kuhusu nani anaugua.

Na mwezi huohuo Uganda ikaamua madereva wa kigeni wasihesabiwe kwenye jumla yake. Hesabu ya nchi ikashuka ghafla, na hakuna mtu aliyekuwa amepona kwa uamuzi huo.

Duka la dawa, Kayole, Nairobi

Dereva umenigusa. Pole sana.

Hapa Nairobi kila alasiri ilikuwa ni Waziri wa Afya Kagwe au wasaidizi wake, wanatangaza namba. Mimi nilikuwa na kawaida ya kuandika namba mbili nyuma ya kitabu cha risiti: waliopatikana na sampuli zilizopimwa. Ya kwanza bila ya pili ilikuwa hainisaidii. Tuseme leo wamepatikana 100 kati ya sampuli 1,000, kesho 150 kati ya sampuli 3,000. Vichwa vya habari kesho vitapiga kelele kwamba maambukizi yameongezeka. Ukigawanya, umetoka asilimia 10 hadi asilimia 5. Siku nyingine ni kinyume: namba inashuka, kila mtu anashukuru Mungu, kumbe sampuli zimepungua kwa nusu.

Kilichonifanya niamini hesabu hiyo ni Machi 2021. Jumla ya kila siku ilikuwa bado haijatisha watu, matatu zimejaa, lakini asilimia yangu nyuma ya risiti ilikuwa inapanda kila wiki. Na dukani wateja walikuwa wameanza kuuliza mambo ambayo Januari hawakuuliza: kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mahali pa kujaza mtungi wa oksijeni usiku. Rais Uhuru alipohutubia tarehe 26 akafunga kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, alitaja kiwango hichohicho: kimetoka asilimia 2.6 mwishoni mwa Januari hadi asilimia 22. Majirani walishtuka. Mimi nilikuwa nimeshamwambia shemeji aahirishe harusi.

Mzanzibari, Muscat

Mimi langu fupi. Hapa Oman ilifika wakati Ijumaa na Jumamosi hazitolewi namba, Jumapili zinatolewa za siku tatu pamoja. Basi kila Jumapili ndugu zangu Unguja wananipigia, "Jamani huko mna nini leo?" Nawaambia gawanyeni kwa tatu kwanza, kisha mnipigie. Bibi yangu mwishowe akawa ndiye anayewafahamisha wenziwe kibarazani.

Muuguzi, Leicester, Uingereza

Nimesoma yote, na nataka niwatoe wasiwasi wenzangu mnaodhani matatizo haya yalikuwa ya kwetu Afrika tu.

Juni 2020 mji wetu wa Leicester ulikuwa wa kwanza Uingereza kurudishiwa vizuizi peke yake, wengine wakifunguliwa. Watu walighadhibika, kwa sababu namba za mji walizokuwa wanaziona hadharani zilikuwa ndogo. Sababu yake ni kwamba vipimo vilikuwa vya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vya hospitali. Fungu la pili ni vya vituo vya barabarani na vya kutumiwa nyumbani kwa posta, vilivyopimwa kwenye maabara nyingine. Kwa kila mji, hadharani likawa linatoka fungu la kwanza tu. Wagonjwa wengi walikuwa kwenye lile la pili. Sisi wodini tulikuwa tunaona wanaoingia, tukirudi nyumbani tunasoma mji mtulivu.

Agosti mwaka huohuo wakabadilisha maana ya kifo cha corona. Zamani, England, mtu yeyote aliyewahi kukutwa na virusi akifa, hata miezi baadaye kwa ajali, anahesabiwa. Wakaweka kikomo cha siku 28 tangu kipimo. Jumla ya nchi ikapungua vifo 5,377 kwa siku moja. Kisha Oktoba ikagundulika kwamba watu 15,841 walioambukizwa hawakuingia kwenye hesabu kwa takriban wiki moja, kwa sababu majibu yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, na mistari ya faili ikajaa. Ubaya wenyewe haukuwa kwenye mchoro. Ubaya ni kwamba waliokutana na hao watu hawakupigiwa simu kwa wakati.

Tangu hapo nikiona mruko mkubwa au mporomoko mkubwa, kabla ya kuogopa au kufurahi natafuta maelezo madogo chini ya jedwali.

Mfuatiliaji wa waliokaribiana na wagonjwa, Butembo, Kongo

Jambo kwenu wote. Sisi huku corona ilitukuta tukiwa ndani ya Ebola. Ile ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa 1 Agosti 2018, ikaisha 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Nilifanya kazi kwenye timu za riposti, yaani za kupambana na mlipuko, kwa hiyo corona ilipokuja na namba zake, nilikuwa na jicho jingine.

Kila asubuhi kwenye mkutano walisoma wagonjwa wapya. Wakubwa wetu hawakuishia hapo. Swali la kwanza: kati ya hawa wapya, wangapi walikuwa kwenye orodha yetu? Maana kila mgonjwa tuliandika wote waliomgusa, waliomwosha, waliolala naye chumba kimoja, na tulipita kwao kila siku kwa siku 21. Kama wapya ni wachache lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha, tuliogopa sana, maana yake virusi vinatembea kwenye njia tusizozijua. Kama wapya ni wengi lakini wote tunawajua, tunawapimia joto tangu wiki mbili, tulilala. Namba ndogo ilitutisha kuliko namba kubwa.

Swali la pili: wangapi wamekufia nyumbani? Mgonjwa aliyekufa kwenye kituo cha matibabu alizikwa kwa usalama. Aliyekufa nyumbani aliacha watu wa kuambukizwa, waliomshika mpaka mwisho. Mwaka 2019 hapa Butembo na Katwa jambo hilo lilikuwa linatuvunja moyo.

Halafu muelewe, zile 3,470 si zote zilithibitishwa maabara. Kuna 153 waliowekwa kama "wanaodhaniwa", walizikwa kabla ya sampuli kuchukuliwa, lakini dalili zao na watu wao vilionyesha wazi. Familia zingine zilikasirika: kwa nini mnamhesabu baba yetu bila kumpima? Nilikuwa nakaa nao chini, naeleza. Ukimwondoa baba, na watoto aliowaambukiza wanaonekana wametoka hewani.

Kwa corona sikuwahi kusikia mtu akiuliza maswali hayo mawili, na nilisikitika.

Mhudumu wa maabara, Mombasa

Kaka wa Butembo, ahsante sana. Kwetu ufuatiliaji ulizidiwa mapema mno, orodha ikawa ndefu kuliko miguu ya watu wetu.

Niongeze moja. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walipima damu 3,098 za wachangiaji, zilizotolewa kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020, wakitafuta kingamwili za virusi, yaani alama ambazo mwili huziacha kwenye damu baada ya kuambukizwa. Baada ya kurekebisha hesabu walipata asilimia 4.3 kitaifa, hapa Mombasa asilimia 8, Nairobi asilimia 7.3. Yaani nchi nzima karibu mtu 1 kati ya 20 hivi, wa umri wa kuchangia damu, alishaambukizwa. Wakati huo wagonjwa waliotangazwa nchini walikuwa bado elfu chache. Tulioyaona matokeo hayo tulielewa kwamba tunachokitangaza jioni ni sehemu ndogo sana ya kilichopo. Na tulielewa pia kitu cha kutia moyo: kama wengi hivyo wameambukizwa na hospitali hazijafurika, wengi wamepita bila kuugua sana.

Mwalimu wa hisabati, Tanga

Nimejifunza mengi leo, na la Butembo nalipeleka darasani wiki ijayo.

Swali langu la mwisho linarudi kwenye vifo, maana huwezi kupima maambukizi ambayo hayakupimwa, lakini kaburi lipo. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 na 2021 walikufa watu milioni 14.9 zaidi ya wale ambao wangekufa miaka ya kawaida, ilhali vifo vya corona vilivyotangazwa duniani vilikuwa milioni 5.4. Njia yenyewe ni nzuri: unachukua vifo vyote bila kujali sababu, unatoa vya kawaida. Lakini inataka kila kifo kiwe kimesajiliwa, na huku kwetu mtu anafia nyumbani, anazikwa kesho yake, na hakuna anayekwenda kuchukua cheti mpaka kuwe na mirathi au mafao ya kufuatilia.

Kenya najua kuna kibali cha kuzika kutoka kwa naibu wa chifu. Je, zile karatasi za 2020 na 2021 zipo, na kuna aliyezihesabu kwa lokesheni yake? Na hapa Bara, mtendaji wa mtaa au kata yeyote aliyekuwa na daftari la misiba miaka hiyo, au mzee wa msikiti anayesimamia makaburi, hebu atuandikie lilikuwa linaandikwaje na kama linaweza kusomeka mwezi kwa mwezi kuanzia 2018. Majina hatuhitaji, tarehe tu.