Ati boti yangu niipande MCHICHA?! Mbele ya mamangu?!

Mwana_Kisauni82

Mikono yanitetemeka, nikikosea herufi nisameheni. Hata saa haijaisha tangu yule bwana atoke hapa kwangu. Mwamjua. Yule fundi wa boti za faiba. Sina haja ya kumtaja, hakuna mwenye chombo kutoka Mtwapa mpaka Mtongwe asiyemjua. Yule ambaye ukimpigia simu mara ishirini, mara zote ishirini yuko "njiani", na njia yenyewe haishi, utadhani yuwaja kwa miguu kutoka Maskati.

Leo kaja. Baada ya wiki tatu. Hakupiga hodi, hakumwamkia mamangu, na mamangu yuko papo hapo barazani yuwachagua mchele. Kapita kama upepo mpaka kwenye boti, katoa bisibisi mfukoni, kaichoma kwenye ubao wa tezini, pale inapofungwa mashine. Ikaingia. Ikaingia yote mpaka mpini. Akaiacha imesimama vile vile. Kisha akageuka, si kwangu mimi mwenye boti, akamgeukia MAMANGU akasema: "Mama, mwambie mwanao atie udongo humu apande mchicha."

Mchicha!

Akacheka. Jamani, kile kicheko. Kunguru wote wa Kisauni waliruka wakati mmoja, jua likapotea kidogo. Watoto wa jirani waliokuwa wakicheza mpira waliacha mpira wakaja kutazama. Sasa hivi ninavyoandika wako nje ya dirisha langu wanaimba mchicha, mchicha, na wimbo washautilia makofi.

Boti yenyewe ni futi 16. Nilinunua elfu 35 kwa mzee mmoja Mtwapa aliyekuwa akifugia kuku ndani, nikaileta kwa kanta usiku ili isizibe njia. Huu mwezi wa tano naifanyia kazi. Kila Jumamosi na Jumapili, wenzangu wako pwani wanakula mihogo ya kuchoma, mie niko chini ya turubai na msasa. Nimeanza na namba 40, nikaja na 80. Rangi tabaka nne, buluu, nyeupe, buluu tena, halafu kijani ambayo sijui aliyeipaka alikuwa na ugonjwa gani. Vumbi la faiba likanipata shingoni nikawashwa kama nimelalia upupu, nikalala siku mbili kwenye shuka lililoloweshwa maji. Nimekumba ngama, maji machafu ya ndani ya chombo, yenye mayai ya kuku ndani yake. MAYAI.

Mashine nayo, farasi 15, ya zamani ya kuchanganyia oili, lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili. Nimeifungua mwenyewe hapa ukumbini juu ya magazeti. Impela mpya ya pampu ya maji, plagi mbili mpya, kabureta nimeiosha kwa mswaki. Nikanunua madumu kumi ya maji, sababu mfereji wetu mwauelewa, nikajaza pipa, nikaitumbukiza. Kamba mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikawaka, na IKAKOJOA, yale maji ya kupoza mashine yakaruka nje. Mchirizi umenyooka kama kamba ya timazi. Nilitokwa na machozi. Nikamwita mamangu aache jiko aje aone mashine inavyokojoa, akaja, akapiga kigelegele. Mama huyo huyo ndiye leo yuwaambiwa habari za mchicha.

Na ubao NAJUA umeoza! Mimi ndiye niliyemwambia kwenye simu! Nilipita na mpini wa nyundo nikigonga shubiri kwa shubiri. Kushoto walia ko, ko, ko. Kulia walia bu, bu, bu kama fenesi lililoiva. Nikachukua kekee nikatoboa vijitundu viwili, kushoto kukatoka unga mkavu mweupe, kulia kukatoka tope jeusi. Kila mtu ajua sababu. Faiba haiozi, kinachooza ni plaiwudi iliyofungiwa ndani yake. Mwenyewe wa kwanza alitoboa tundu za bolti asizizibe, boti ikalala nje miaka, maji ya mvua yakazama humo. Yangekuwa ya bahari peke yake ingekuwa afadhali, chumvi huchelewesha kuoza. Ya mvua ndiyo yaliyoumaliza.

Kwa hivyo sikumwita aje kunitangazia msiba ninaoujua. Nilimwita akate bei. Kufungua ngozi ya ndani, ya nje iachwe, mbovu litolewe lote mpaka pakavu, plaiwudi mbili za milimita 18 zigandishwe pamoja zibanwe kwa jiriwa, juu yake mikeka ya faiba, kwisha. Wewe taja pesa, wende zako.

Akazitaja. Laki na themanini. Kwa boti ya elfu 35! Na alipoona nimenyamaza akaomba mia tano ya nauli. Na mamangu AKAMPA. Alifungua pindo la leso pale pale, mbele yangu, akampa mia tano mtu aliyemwambia mwanawe ni mkulima wa mboga, tena akamwambia "ahsante mwanangu, pole kwa safari."

Bisibisi yake kaisahau. Mpaka saa hino imesimama pale pale. Siigusi.

BintiMajengo

Pole sana kaka. Lakini ni mchicha gani, huu wa kawaida ama ule wa majani mekundu?

Kusi_Kali

Mpaka mpini? Basi hapo bwana ana haki. Bisibisi ikiingia mpaka mpini hiyo si boti, ni mkate wa sinia.

Mwana_Kisauni82

Kusi_Kali, wasoma ama watazama herufi tu? NIMESEMA najua umeoza. Neno si kuoza. Neno ni kwamba alimgeukia mamangu. Angeniambia mimi, kwa siri, hata kwa matusi, ningevumilia. Alimgeukia mama mtu mzima na mchele wake mapajani.

Kusi_Kali

Mkate wa sinia wenye hiliki.

AliyetokaLikoni

Nimesoma mstari wa pili tu nikamjua! Mimi alinichukulia amana elfu ishirini. Miezi miwili. Alipokuja akafanya kazi siku moja, tena saa sita ya mchana wa kaskazi, resini, ile gundi ya faiba, ikamchemkia kwenye ndoo ikatoa moshi, akakimbia. Brashi yake aliiacha imegandia ndani ya boti, omoni kule mbele, imesimama wima. Mpaka leo iko. Tumeipiga msasa imekataa. Sasa twafungia kamba ya nanga.

Kusi_Kali

Kumbe huacha vyombo kwa makusudi. Huku bisibisi, huku brashi. Yuwaweka alama za mipaka.

Mzee_wa_Bandari_ya_Kale

Wanangu, salamu. Faiba ni kaburi la mbao, nalisema hili kila siku na hamtaki kusikia. Ubao wapaswa kupumua. Sisi tulipaka mafuta ya sifa juu, chini tukapaka shahamu, chokaa na mafuta ya mnyama, mchwa wa bahari hasogei. Kalafati kwa pamba, mshono kwa mshono. Chombo kikipanda mchangani bamvua hii, maji makuu, bamvua ijayo kiko majini. Siku hizi vijana wauliza "nitie silikoni?" Silikoni! Juzi mjukuu wangu kaitia kwenye mashua ya mvule. Kwenye mvule! Sijalala.

Mwana_Kisauni82

Mzee shikamoo. Nakuheshimu. Lakini boti yangu ni ya faiba, siwezi kuigeuza jahazi.

Mzee_wa_Bandari_ya_Kale

Marahaba mwanangu. Kwenye mvule, wallahi.

Resini_na_Jasho

Kaka mwenye uzi, achana naye, fanya mwenyewe. Mimi nimefanya yangu nyuma ya nyumba Mishomoroni. Kilo moja ya resini yataka hadena, dawa ya kuigandisha, mililita 10 mpaka 20, na kwa joto letu usivuke 10. Changanya kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, anza baada ya swala ya alfajiri, saa tatu uwe umefunga. Pangusa kwa asetoni kabla ya kila kitu. Barakoa ya kweli, si leso ya pua. Na kila tundu la bolti litoboe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijaze gundi ya epoksi, likikauka ndipo utoboe saizi yake katikati. Hivyo maji hata yakipita kwenye bolti hayaukuti ubao. Hapo ndipo yule mwenyewe wa kwanza alipokuua. Na kwanza uache ubao ukauke, ukifungia unyevu ndani mwaka kesho utaitwa bustani tena.

Mwana_Kisauni82

Ahsante sana. Hili ndilo neno la mtu mwenye adabu. Laiti ungekuja wewe. Umenikumbusha lakini. "Mama, mwambie mwanao." Kwani mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama hatua mbili, na bomba la resini mkononi!

Mgeni_wa_Bara

Samahani, mimi ni mgeni hapa Mombasa, nina mwaka mmoja. Hiyo boti futi 16 utaenda nayo wapi? Feri si ipo?

Mwana_Kisauni82

Feri haivui changu wala tafi! Feri haiendi kwenye miamba asubuhi maji yakiwa yameanza kujaa! Wewe umekuja kwa gari moshi, nenda ukaulize watu bahari ni nini!

Mgeni_wa_Bara

Nimeuliza tu jamani.

BintiMajengo

Mwacheni mgeni, atazoea. Lakini mafundi wa mji huu wote mama yao mmoja. Mnazungumza boti, mimi nina kanzu. Kitambaa nimekipeleka kwa fundi cherehani wiki TANO kabla ya Idi. Mwamjua, yule mwenye redio. Asubuhi ya Idi, takbira zishaanza, mume wangu amekaa kitandani na shuka kiunoni. Naenda, nakuta mkono mmoja. Mkono wa kulia. Mwili wa kanzu hakuna. Yuwaniambia "shemeji, mkono ndio kazi ngumu."

AliyetokaLikoni

Mkono ndio kazi ngumu!!! Kaka yangu aliambiwa na fundi huyo huyo kwamba suruali haina haraka.

Kusi_Kali

Mume alikwenda kuswali na nini?

BintiMajengo

Kanzu ya marehemu babake. Fupi. Imemfika magotini. Watu wakamuuliza kama yuwatoka kuvua.

Mwana_Kisauni82

Pole dada. Lakini kitambaa chako hakikuchomwa bisibisi mbele ya mzazi.

Jirani_Mwema

Fundi cherehani afadhali, utamwona kila siku amekaa pale. Mimi nilimpa fundi makochi fremu zangu sita tangu Mei, pale Bondeni. Kila nikipita nakuta makochi ya watu wengine yanapendeza. Yangu yako juu ya paa la kibanda chake. Kunguru wametaga.

Resini_na_Jasho

Kunguru hawa nao. Nani alisema wataondolewa? Mimi walininyakulia kipande cha mkeka wa faiba kilicholowa resini, wakaenda kujengea kiota. Kiota kile hakitaanguka mpaka Kiyama.

Mzee_wa_Bandari_ya_Kale

Kunguru hawa ni wa kuja, hawa si wetu. Na silikoni nayo ni ya kuja.

Mwana_Kisauni82

Jamani tuko kwenye uzi wa boti. Nimetoka nje sasa hivi. Mamangu katundika kibuyu cha maji kwenye ile bisibisi. Namuuliza mama kwa nini, yuwaniambia "yanifaa, iko mahali pazuri." Damu yachemka!

AliyetokaLikoni

Kama brashi yetu vile. Mtazoea.

Kusi_Kali

Mchicha wenyewe sokoni Kongowea siku hizi fungu limekuwa dogo, hata mkono haujai. Mimi naona wazo halikuwa baya.

Mgeni_wa_Bara

Unamea kwa mchanga wa huku? Nilijaribu sukuma wiki, ikanyauka.

BintiMajengo

Yataka samadi na kivuli. Jirani_Mwema, hebu kwanza. Huyo fundi wako wa makochi ni yule aliyepakana ukuta na fundi cherehani mwenye redio?

Jirani_Mwema

Ndiye. Wako mlango kwa mlango. Kwani?

BintiMajengo

Kitambaa changu kilikuwa rangi ya maziwa, na mistari myembamba ya hariri, waona ukikigeuza kwenye mwanga.

Jirani_Mwema

Subhanallah.

BintiMajengo

Nini?

Jirani_Mwema

Kuna makochi alimaliza wiki iliyopita, ya mtu wa Nyali. Nilisimama nikayashangaa. Mito sita, rangi ya maziwa, ukiigeuza inang'aa.

BintiMajengo

Mito SITA?

Jirani_Mwema

Sita. Na mmoja una darizi ya shingoni.