Kupiga picha za maisha ya kila siku wakati wa kuhama baada ya uzamili: nipige nini, nitunze vipi?

Boksi_la_Mwisho

Wakuu, salaam. Nimebakiza kuwasilisha masahihisho ya tasnifu, kisha nafungasha na kurudi nyumbani moja kwa moja. Nataka picha za maisha ya kawaida ya kipindi hiki: chumba, meza ya kusomea, njia ya kwenda maktaba, mizigo ikifungwa, safari, hadi wiki za mwanzo nyumbani. Za joho na kofia sizihitaji, zitapigwa na wengine. Nina simu na kamera ndogo yenye lenzi ya 35mm. Nipige nini hasa, na kwa utaratibu gani, nisije nikabaki na rundo la picha lisiloeleweka? Na faili nizitunze vipi? Kwa sasa kila kitu kiko kwenye akaunti ya chuo.

Mwanga_wa_Dirisha

Mkuu, anza kabla hujagusa boksi la kwanza. Ukishafungasha nusu ya rafu, unachopiga ni kuhama, si kuishi. Usipange wala usifagie. Kikombe kikae kilipo.

Kwa kila chumba piga picha moja ukiwa mlangoni, halafu moja kutoka kila kona ukielekeza kona ya mkabala. Hizo tano zinatosha kumwonyesha mtu kilichokuwa wapi. Kisha sogea: meza kutoka juu, rafu ya vitabu kwa ukaribu wa kusoma migongo yake, ukuta ulio mbele ya kiti, ndani ya friji, nyuma ya mlango, mtazamo wa dirishani ukiwa umekaa (si ukiwa umesimama, maana hukuwa unasoma umesimama). Risiti, tiketi na karatasi za foleni zitandaze mezani uzipige mapema, kwa sababu zile zilizochapwa kwenye karatasi ya joto hufifia zenyewe hata zikiwa kwenye bahasha.

Njiani usihangaike na majengo makubwa, hayo tayari yamejaa mtandaoni. Piga pale unapokata kona, pale unaposubiri, ngazi unazopanda kila siku.

Chagua pia fremu moja ya kurudia. Bandika kipande cha tepu ya karatasi sakafuni, simama hapo kila baada ya siku mbili tatu, saa ileile, kamera ikiwa kimo kilekile. Washa mistari ya gridi na ulinganishe ukingo wa dirisha na mstari mmojawapo. Ukisogea sm 20 tu kando mfululizo unavurugika: vitu vya karibu huhama kwenye fremu kuliko vya mbali, na hilo halirekebishiki kwa kuikata picha baadaye.

Lenzi ya simu iliyoandikwa 0.5x iache. Huvuta vya pembeni na kukifanya chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Tumia 1x, na nafasi ikibana piga picha mbili. Hiyo 35mm angalia sensa yake: kama ni APS-C (sensa ndogo kuliko fremu kamili), inaona karibu sawa na 50mm, yaani ni nyembamba kwa chumba kidogo. Basi vyumba vipigwe kwa simu, kamera ibaki kwa watu na mikono.

Mwanga ndipo wengi wanapoharibu. Mchana zima taa ya dari. Mwanga wa dirishani una rangi ya takriban 5500 K (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) na taa ya manjano iko 2700 hadi 3000 K. Ukizichanganya, nusu ya picha inakuwa ya bluu au nusu ya pili inakuwa ya chungwa, na marekebisho ya rangi yanaweza kunyoosha upande mmoja tu. Flashi isiwake. Kwenye simu, gusa na ushikilie sehemu yenye mwangaza wa wastani hadi ijifunge, kisha shusha mwangaza kidogo ili dirisha lisibaki karatasi nyeupe. Giza unaweza kuliinua baadaye, kilichoungua hakina cha kuinuliwa.

Usiku taa ziache kama unavyoziwasha siku zote. Ukiona mistari ya giza inayokatiza picha, ni taa zinapepesa kufuata umeme: penye 50 Hz weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde) 1/50 au 1/100, penye 60 Hz weka 1/60 au 1/125. Mikono ikifunga boksi inahitaji 1/250, mtu aliyekaa anaongea 1/125. ISO (unyeti kwa mwanga) iache ipande yenyewe hadi 3200. Chembechembe zinavumilika, ukungu wa mkono kutetemeka hauvumiliki.

Jambo la pembeni: picha za ushahidi kwa mwenye nyumba (nyufa, madoa, mita ya umeme, sakafu ikiwa tupu) zipige siku ya kukabidhi funguo, taa zote zikiwaka, na uziweke folda yake. Zikichanganyika na hizi utakuja kuzifuta kwa bahati mbaya.

Folda_Moja

Naongezea kuhusu faili, na hapa kuna haraka kuliko kwenye lenzi. Akaunti ya chuo hufungwa au kupunguziwa nafasi baada ya kuhitimu. Tafuta leo tarehe ya mwisho, na usisubiri barua ya kukumbusha, kwa sababu inakuja kwenye akaunti hiyohiyo.

Kama ni akaunti ya Google, tumia Takeout, huduma yao ya kupakua data zako. Chagua Photos peke yake, ukubwa wa kila kifurushi uuweke GB 10 badala ya GB 2, la sivyo utapata vipande vingi na kimoja kitasahaulika. Kiungo cha kupakua hudumu siku chache tu, kwa hiyo omba ukiwa na intaneti ya uhakika na nafasi kwenye diski. Ndani ya kifurushi utakuta faili ndogo za JSON pembeni ya picha. Usizifute: maelezo uliyoandika ndani ya Google Photos yako humo, si ndani ya picha yenyewe. Ukikuta Takeout imefungwa na wasimamizi wa chuo, pakua albamu moja moja kwa mkono.

Majina ya folda yaanze na mwaka: 2025-06-14_chumba_kabla. Hivyo kompyuta yoyote itazipanga kwa tarehe bila programu. Majina ya picha zenyewe usiyabadilishe, kazi hiyo haina mwisho na haina faida.

Saa ya kamera irekebishe sasa. Simu hujirekebisha ukifika, kamera haijirekebishi, na siku ya safari picha zitapangika vurugu: umefika nyumbani kabla hujapanda ndege. Dawa yake ni kuipiga picha saa ya simu kwa kutumia kamera, simu ikiwa inaonyesha sekunde, mara moja kabla ya kuondoka na mara moja ukifika. Tofauti utaijua kamili. Baadaye folda nzima unaisogeza kwa amri moja ya ExifTool (programu ya kubadili taarifa zilizo ndani ya picha), kwa mfano saa saba mbele:

exiftool "-AllDates+=7:00" folda_ya_safari

Yenyewe huacha nakala ya faili la awali lenye mkia wa _original. Kagua kwanza, ndipo uzifute nakala hizo.

Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali na nyingine. Kwako hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na akaunti ya wingu ya binafsi. Diski iumbize (format) kwa mfumo wa exFAT ili isomeke kwenye Windows na Mac. Ukimaliza kunakili linganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla, fungua picha kadhaa za katikati na za mwisho, ndipo ufute picha kwenye kadi. Kunakili kukikatika, jina la faili huweza kuwepo na picha ikawa nusu kijivu.

Na usihamishe picha kwa kujitumia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Inapunguza ukubwa na kuondoa tarehe ya kupigwa. Ukilazimika, itume kama hati.

Kalamu_na_Lenzi

Yote sawa, ila kwa maoni yangu hamjagusa kinachoziua picha hizi: kukosa maelezo. Baada ya miaka michache utakumbuka sura, hutakumbuka kwa nini kiti kilikuwa barazani. Andika siku ileile au kesho yake, maneno kumi hadi ishirini: nani, wapi, anafanya nini, na jambo moja ambalo picha haionyeshi. "Meza ya ghorofa ya tatu, inayumba, ndiyo maana kuna kadi chini ya mguu." Andika kwenye sehemu ya maelezo iliyo ndani ya picha. Programu kama digiKam hufanya hivyo, lakini fungua mipangilio yake kwanza uhakikishe inaandika ndani ya faili, si kwenye hifadhidata yake peke yake.

Na punguza. Piga picha 15 kwa siku, jioni bakiza 5. Kwa siku 60 hizo ni 300, na kwa MB 4 kila moja ni GB 1.2 tu. RAW (faili ghafi la kamera) ya MB 25 kwa kila picha ya kikombe haina maana. Itunzie ile fremu ya kurudia, ambako rangi lazima zilingane.

Boksi_la_Mwisho

Nashukuruni sana. Mawili yamebaki. Kwanza safari: kamera, betri, diski na filamu kadhaa ambazo sijazipiga, vinasafirije? Pili, nafanya kazi maabara yenye data za washiriki wa utafiti. Naruhusiwa kupiga humo?

Folda_Moja

Betri za akiba na pawabenki ni mizigo ya mkononi, kamwe si sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba idhini ni Wh 100 (wati-saa). Zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1000: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, inapita. Betri iliyo nje ya kamera funika ncha zake kwa tepu, isiguse funguo wala sarafu.

Diski moja ibebe mwilini, nakala ya pili iwe imeshapanda wingu kabla hujaondoka. Diski ya kuzunguka usiipeleke kwenye kontena la mizigo. Ikidondoshwa inaweza kufa. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) inastahimili kudondoka, ila isiachwe miaka bila umeme ikiwa ndiyo nakala pekee.

Filamu beba mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT (eksirei kali zaidi) za viwanja vya ndege huweza kuitia ukungu hata ya ISO ndogo, na kupita mara nyingi huongeza madhara. Iliyopigwa isafishwe kabla ya safari kama inawezekana.

Ukitoka kwenye ubaridi kuingia kwenye joto lenye unyevu, kamera ibaki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ipate joto la chumba, saa moja au zaidi. Ukiitoa upesi umande hutanda juu ya lenzi, na yakiingia ndani yanaweza kuleta kuvu.

Mwanga_wa_Dirisha

Maabara: muulize msimamizi wako kwa maandishi, utaje sehemu utakazopiga na picha zitakwenda wapi. Idhini ya maadili uliyopewa ni ya utafiti, haihusu albamu yako. Kabla ya kubonyeza zima skrini, funika fomu za ridhaa, geuza ubao wenye matokeo ambayo hayajachapishwa. Halafu kuza picha hadi asilimia 100 ukague vioo na kabati zinazong'aa, maana skrini iliyo nyuma yako inaweza kusomeka humo. Wenzako waulize mmoja mmoja. Anayesita piga mikono yake tu, au benchi lake akiwa hayupo, kama anakubali.

Ukifika nyumbani rudia utaratibu uleule wa mlango na kona siku ya kwanza kabla ya kufungua mizigo, kisha tepu sakafuni upya. Vile vitu ulivyovipiga juu ya meza ya zamani (taa, kikombe, kamusi) vipige tena vilipotua, umbali uleule na lenzi ileile. Kabla ya kumtumia mtu yeyote picha za nyumbani, zima taarifa za mahali kwenye chaguo za kutuma, hasa ukituma kama hati, kwa kuwa njia hiyo hubeba hadi nukta ya GPS. Ukitaka kuchapisha za sm 10 kwa 15 kwa 300 dpi (nukta kwa inchi), unahitaji pikseli 1181 kwa 1772, kwa hiyo hata picha uliyoikata nusu inatosha.