Binti yangu kakatazwa ngano: asubuhi nimpe nini aende shule ameshiba?

Mama Dagaa, Ujiji (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Assalaam aleikum wadau, na wengine wote habari za jioni.

Nina binti wa miaka tisa, yupo darasa la tatu. Miaka miwili tumehangaika na tumbo lake. Linajaa kama ngoma, anaharisha, halafu anakaa siku mbili hataki kuona chakula. Dawa za minyoo kameza mpaka nimepoteza hesabu. Damu nayo ilikuwa haikai: anapewa vidonge, inapanda kidogo, inashuka tena. Mwishowe ndugu yangu wa Dar es Salaam akasema mlete huku. Wakampima damu, kisha wakampitisha kamera mpaka kwenye utumbo, wakakata kinyama kidogo wakakipima. Majibu yakatoka: siliaki. Daktari alinieleza kwa utulivu kwamba mwili wake unaichukulia gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike, kama adui, na katika kupigana nayo unauchubua utumbo wake mwenyewe. Kidonge cha kuuponya hakuna. Aache ngano, shayiri na rai (nafaka ya kizungu, ndugu ya ngano) maisha yake yote.

Shayiri na rai hapa Ujiji si shida yangu. Shida ni ngano, kwa sababu chai ya nyumbani kwetu ni maandazi, kama si maandazi ni chapati.

Na kuna kazi yangu. Nauza dagaa pale Kibirizi. Wanaolijua ziwa watanielewa: wiki za giza mitumbwi inatoka jioni na taa, inarudi alfajiri, na saa kumi na moja mimi natakiwa niwe mwaloni na ndoo zangu. Wiki za mbalamwezi nipo nyumbani, napika nitakavyo. Lakini kwenye giza mtoto anaamshwa na bibi yake, na mama yangu macho yake yamepungua. Kumwachia karai la mafuta ya moto siwezi.

Hizi wiki tatu nimempa viazi vitamu vya kuchemsha. Siku ya tano akalia. Nikahamia uji wa lishe, unga uliochanganywa tayari, nilinunua sokoni. Na vitumbua vya jirani, nikijua ni mchele mtupu. Sasa tangu Alhamisi tumbo limejaa tena kama zamani. Nakosea wapi?

Ninachotafuta ni chakula cha bei yetu, kinachoweza kuandaliwa usiku, na kingine cha kubeba ale saa nne na wenzake. Jana kaniuliza, "Mama, mimi nitakula andazi lini?" Nilijifanya nachochea mkaa.

Mzee wa Kalinzi (Jumapili, saa 3:25 usiku)

Pole sana mwanangu. Sisi wa huku juu tumekua bila mkate na hatukujua kwamba tumekosa kitu. Asubuhi mama alikuwa anatupasulia muhogo uliochemshwa jana yake, anaumwagia maharage yaliyoungwa kwa mawese, unakula unakwenda shamba la kahawa mpaka mchana. Bibi hana haja ya kuwasha karai. Maharage yapashwe tu yachemke. Muhogo uwe ule mtamu. Ule mchungu usichemshwe ukaliwa hivihivi, una sumu, ndiyo maana tunauloweka na kuuanika kabla ya kuusaga. Ndizi za kupika nazo zipo, siku za soko zinashuka Mwanga mikungu kwa mikungu.

Binti Unyanyembe, Tabora (Jumatatu, saa 11:50 alfajiri)

Dada yangu, shikamoo kama umenizidi. Nimeisoma hii nikiwa naelekea kazini nikarudi kuketi, kwa sababu mtoto wako ni mimi. Nina mwaka wa kumi na moja bila ngano.

Kwanza uji wa lishe. Muulize aliyekuuzia ameweka nini. Unga mwingi wa lishe unaouzwa tayari una ngano ndani, pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga, maana watu wanaamini kila nafaka inaongeza nguvu. Mimi uliniumiza mwaka mzima huku nikiunywa kama dawa. Wako utengeneze mwenyewe: nunua ulezi, uchambue, uoshe, uanike, upeleke mashine. Na hapa kwenye mashine ndipo wengi tunaanguka. Mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu, ngano hiyo haitoki yote. Inabaki kwenye chekeche na kwenye kuta za ndani, na wewe unapomimina ulezi wako unaondoka nayo. Ugali hautabadilika ladha hata kidogo, lakini tumbo litajua. Tafuta mashine isiyogusa ngano kabisa. Zipo nyingi, hasa zile za pembeni zinazosaga dona na muhogo tu. Usione haya kuuliza. Pale ninaposaga mimi walinishangaa mara mbili, mara ya tatu yule kijana akawa ananiambia mwenyewe, "Dada, leo usisage, njoo kesho kutwa."

Pili, vitumbua vya jirani. Simlaumu, lakini wauzaji wengi huongeza kiganja cha unga wa ngano ili vishikane. Na hata asipoongeza, kama chuma hicho au mafuta hayo yamepikiwa maandazi, ni yaleyale. Nunua chuma chako kipya, kiwe cha mtoto. Na mwiko wa mbao mpya, na chekeche lake. Kibao cha chapati kiende kabati lingine.

Vitumbua vyangu ni hivi. Asubuhi unapotoka, loweka mchele vikombe viwili. Jioni uchuje, utie kwenye brenda na tui kikombe kimoja (nazi ikiwa ghali, maziwa au maji), halafu tia vijiko vitatu vya wali uliopoa. Wali huo ndio unaoshika kazi ya ngano. Bila huo vitumbua vinapasuka katikati na kumeguka mkononi, na ndiyo sababu watu wanakimbilia unga. Saga mpaka ukisugua rojo kwenye vidole usikute chenga. Sukari robo kikombe, iliki, hamira kijiko cha chai kimoja. Funika. Kwa joto letu saa moja inatosha. Utaona juu pamejaa vishimo vidogo kama mchanga ulionyeshewa matone.

Mkaa uwe wa wastani. Tia mafuta kidogo kila shimo la chuma, yakipata moto mimina rojo robo tatu. Mwanzoni kinalia sana. Usikiguse. Kinapoanza kunyamaza na ukingo ukajitenga na chuma, hapo ndipo unageuza kwa kijiti. Ukigeuza kingali kinalia, kitakuachia nusu yake chini. Mimi nilijifunza kwa sikio, si kwa jicho, na labda mama yako naye ataliweza hilo siku za mbalamwezi ukiwa umekaa karibu yake.

Vya usiku vinafika asubuhi salama. Bibi anavipasha kwenye kikaango kikavu.

Za kubeba sasa. Huku kwetu kuna matobolwa: viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu na vitamu, rangi kama asali. Mtoto anatafuna na karanga za kukaanga, na anashiba kweli. Michembe ni ndugu yake ila ile hukatwa vibichi, inataka kupikwa, nzuri ikiungwa na karanga za kutwanga. Nikipata mtu wa treni nitakutumia matobolwa mfuko mmoja. Na siku za ndizi mbivu zinazoelekea kuharibika, ziponde, uchanganye na unga wa muhogo mpaka donge lishikane bila maji, ukate viduara, ukaange. Waganda wanaviita kabalagala. Kwa macho ya darasa la tatu, hilo ni andazi.

Mama Dagaa, Ujiji (Jumatatu, saa 1:15 usiku)

Marahaba mdogo wangu, na Mungu akulipe. Nimesoma nikiwa mwaloni mikono imejaa magamba, nikamwomba mwenzangu anisogezee simu.

Nimetoka sokoni sasa hivi. Yule mama wa lishe nimemuuliza, akaniambia kwa moyo mweupe: mahindi, ulezi, soya, mchele, ngano. Kila siku asubuhi nilikuwa nampa mwanangu kikombe kizima na kumhimiza amalize. Nimekaa kwenye gogo la muuza mkaa nikalia kwanza. Jirani naye kakubali, kiganja kimoja, kama ulivyosema.

Lakini nina jambo lingine. Baba yake anasema tunamdekeza. Anasema andazi moja la Ijumaa haliui mtu, na kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Mdogo wake wa miaka mitano naye ameanza kulalamika tumbo, nikafikiri nimwachishe ngano kabisa wote wawili, nipike chungu kimoja. Mnasemaje?

Muuguzi, Kasulu (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Mama, huyo mdogo usimwachishe bado. Hili naomba ulisikie kabla ya mengine yote. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza pale gluteni inapoingia. Ukimwachisha leo ukampima baada ya miezi, askari wameshapungua na jibu linaweza kuja safi wakati ugonjwa upo. Aendelee kula kama kawaida, apimwe, ndipo uamue. Na apimwe kweli, pamoja na wewe na baba: ugonjwa unafuata damu ya ukoo, na kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa takriban mmoja kati ya kumi hukutwa nao.

Kwa baba, mweleze kwa upole. Andazi moja halitamuua Ijumaa hiyo, ni kweli. Ila utumbo una vinyweleo vidogo sana vinavyonyonya chakula, na gluteni ikiingia vinalala na kuisha. Vinachukua miezi kuota tena. Akila kila Ijumaa, havipati nafasi ya kuota, na damu itaendelea kushuka mkiona anakula vizuri. Na kuhusu Wazungu, aliyeuweka wazi ni Mholanzi kweli, daktari wa watoto Willem Dicke. Alishaanza kuishuku ngano kabla ya vita. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa, mkate ukakosekana, na watoto wake waliokuwa hoi kwa ugonjwa huu wakaanza kupata nafuu wakati wenzao wanadhoofika. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 akayaandika hayo. Lakini utumbo hauna kabila. Hapa kwetu wapo wanaotibiwa minyoo, kama alivyotibiwa wako.

Kuhusu damu yake: asimeze vidonge vya madini ya chuma kwa chai, na chai isikae kwenye chakula chenyewe, inazuia madini yasinyonywe. Chai umpe saa moja au mbili baadaye. Asubuhi maji ya ndimu au kipande cha papai ni bora zaidi. Na wewe una dagaa mkononi! Dagaa wa kukaanga juu ya muhogo wa Mzee wa Kalinzi hapo juu, hicho ni chakula cha mtoto mwenye upungufu wa damu. Ulezi nao una kalisi nyingi, na mifupa yake inaihitaji baada ya miaka miwili hiyo.

Vya kuchunga dukani: tambi, biskuti, mchuzi wa soya, na vinywaji vya kimea, kwa kuwa kimea hicho kwa kawaida ni cha shayiri. Nafaka ya uji ya kizungu, ile inayoitwa oti, yenyewe si ngano ila husagwa na kufungwa pamoja nayo, achana nayo mpaka daktari aseme. Pakiti ikiandikwa haina gluteni, kiwango kinachokubalika kimataifa ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Unaona ni kidogo kiasi gani. Kiganja cha jirani ni mlima.

Binti Unyanyembe, Tabora (Jumanne, saa 12:10 asubuhi)

Baba naye umsamehe. Baba yangu mimi alisema hayohayo, na leo akija kunitembelea anafika na unga wake wa muhogo begani.

Mama Dagaa, Ujiji (wiki tano baadaye, Jumatano, saa 4:30 asubuhi)

Wadau, narudi kama nilivyoahidi moyoni.

Giza limeingia tena na mambo yanakwenda. Saa kumi napika uji wa ulezi, naujaza kwenye chupa ya chai, bibi anamimina tu. Vitumbua vya usiku vipo kwenye kopo lake lenye mfuniko mwekundu, hakuna mwingine anayelifungua. Siku nyingine muhogo na dagaa, siku nyingine kiporo cha wali na maharage, kimepashwa sawasawa. Mara ya kwanza vitumbua vilimeguka vyote, nikagundua nilisahau wali. Mara ya pili mama yangu ndiye aliyeniambia, "Geuza sasa, kimenyamaza."

Mdogo kapimwa Jumatatu, tunasubiri majibu. Baba yake alikwenda naye, kwa miguu yake, sikumlazimisha. Pia ameongea na kijana wa mashine ya Gungu, hawasagi ngano pale.

Tumbo la binti limeshuka, sare ya shule sasa inamkaa vizuri. Jana karudi na kopo tupu nikamuuliza kama kashiba. Akasema hapana, kala vitumbua viwili tu, vingine vitatu alikula rafiki yake. Nimeongeza mchele nusu kikombe.

Mdogo wangu wa Tabora, mfuko umefika stesheni salama. Matobolwa yamebaki nusu, karanga zimeisha njiani kati ya mlango na jiko.