Mrejesho: kadi za shukrani kwa wafanyakazi wote wa shule

Habari wakuu. Niliuliza namna ya kuwashukuru wafanyakazi wote wa shule ya msingi siku ya kufunga mwaka bila kumsahau hata mmoja. Asanteni sana kwa majibu.

Tulifuata ushauri wa kuanza na orodha ya ofisi, si kukumbuka kwa kichwa: majina 31, wapishi, walinzi na wafagizi wakiwemo. Kila darasa lilipewa majina 4 au 5, na kila mtoto akaandika kwenye kadi sentensi moja ya jambo mahususi. "Asante kwa kunifunga kamba za viatu" ilimtoa machozi dada wa usafi. "Asante kwa kazi nzuri" haimgusi mtu.

Gundi ya maji ndiyo iliyotuangusha. Ilipakwa nene, kadi zikarundikwa zikiwa mbichi, 6 zikagandana na kuchanika. Zianikeni moja moja usiku kucha, au tumieni gundi ya kijiti.

Mlinzi wa usiku naye alikosa hafla kwa sababu zamu yake iliisha alfajiri. Tulimpelekea kadi jioni, watoto wakiwa wameshaondoka. Mwakani tutauliza zamu kabla ya kupanga saa.