Siku ya Makafi: gumzo la kikundi cha familia

Rehema: Shikamooni wakubwa. Jibu limekuja. Klabu ya mitumbwi inatupa mitumbwi miwili na manahodha wake siku nzima, bila malipo. Siku yetu ya kuchangia utafiti wa saratani imepata pa kuanzia.

Mjomba: Marahaba. Hongera sana, mwanangu. Kazi umeifanya.

Baba Neema: Hapo safi. Napendekeza Shangazi awe mgeni rasmi. Tumwekee kiti kivulini, mwishoni akabidhi zawadi.

Mama Neema: Naunga mkono. Asichoshwe.

Shangazi: Nimesoma. Kivulini sikai. Mimi nitapiga kafi.

Baba Neema: Shangazi, na ule mkono? Baada ya upasuaji tuliambiwa usibebe hata ndoo.

Shangazi: Tuliambiwa, nikatii, mkono ukazidi kuwa dhaifu. Subirini niandike, ni ndefu kidogo.

Shangazi: Ukitolewa tezi za kwapani, yale majimaji ya mwilini hayapiti vizuri tena, na mkono unaweza kuvimba. Ndiyo maana kwa miaka mingi wanawake waliotibiwa saratani ya matiti walikatazwa kazi nzito za mikono, hasa za kurudiarudia. Lilikuwa katazo la kudhani. Mwaka 1996 huko Kanada, Don McKenzie, daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, akaamua kupima. Alikusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa, akawafundisha kupiga kafi kwenye mashua ya joka, ile ndefu ya wapiga makafi 20, wanakaa wawiliwawili, mpiga ngoma yuko mbele. Alichagua mchezo huo kwa sababu ndio ile kazi waliyokatazwa.

Shangazi: Hakuna aliyepata uvimbe mpya. Waliokuwa nao tayari, haukuzidi. Aliyaandika matokeo 1998, na leo timu za wanawake kama mimi zipo nchi nyingi duniani. Mkinikalisha kivulini siku ya kuchangia utafiti, mnaukataa utafiti wenyewe.

Mama Neema: Wifi yangu, nimelia hapa.

Baba Neema: Nimekuelewa, Shangazi. Hofu yangu ilikuwa kukupenda tu.

Shangazi: Najua, baba. Daktari wangu ameridhia kwa maandishi. Naanza mazoezi polepole na nitavaa ile nguo ya mkono inayobana. Nataka kiti cha katikati ya mtumbwi.

Salum: Shikamoo Shangazi. Niko nawe kwenye mtumbwi huo. Ila nina swali kwa wote: kwa nini utafiti? Kuna wagonjwa wanadaiwa gharama za matibabu leo hii. Mtu akiniuliza hivyo wakati naomba ahadi, nimjibu nini?

Mjomba: Swali zuri. Mwambie habari ya Neema. Alipochanjwa shuleni kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, chanjo ile ilitoka wapi? Mwaka 1983 timu ya Harald zur Hausen, Ujerumani, ilikitambua kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Wakati anaanza, wengi hawakumwamini. Chanjo ikaidhinishwa 2006, naye akapata Tuzo ya Nobel 2008. Zaidi ya miaka 20 ya maabara, na kuna watu waliolipia miaka hiyo bila kumjua mtoto atakayefaidika. Mtoto mmojawapo ni Neema.

Salum: Hiyo naibeba kama ilivyo. Lakini wagonjwa wa sasa nao tusiwasahau.

Mjomba: Hatutawasahau. Tutawafanyia mchango wao, siku yao. Tukichanganya malengo mawili kwenye mfuko mmoja, hakuna mchangiaji atakayejua fedha yake ilikwenda wapi.

Rehema: Hapo hapo Mjomba. Kabla ya kuomba hata ahadi moja, nitaitaka taasisi ya utafiti itupe barua: imesajiliwa, inapokea fedha kwa utafiti tu, na itatuandikia risiti. Akaunti iwe na watia saini wawili wasio mume na mke.

Mama Neema: Mimi na Salum, basi. Na gharama za siku yenyewe, maji, matangazo, vifaa, tutafute wafadhili wa pembeni ili ahadi zote zifike nzima. Hesabu nitaziweka humu, mapato na matumizi, kila mtu azione.

Salum: Mtindo wa mchango: mitumbwi inapokezana kuzunguka maboya tangu asubuhi, mtu anaahidi kwa kila mzunguko. Aandike na kikomo chake, isije ikawa tumezunguka sana akashindwa kulipa.

Baba Neema: Kikomo ni muhimu sana. Sasa usalama niachieni mimi, na hapa sitabembelezana na mtu. Jaketi la kuokolea kwa kila anayepanda, hata bingwa wa kuogelea. Mashua ya uokoaji iwe majini muda wote, injini tayari. Waokoaji waliofunzwa, na mtu wa huduma ya kwanza nchi kavu. Ngurumo ikisikika tu, wote nje, na haturudi mpaka zipite dakika 30 tangu ya mwisho.

Shangazi: Ongeza hili. Wagonjwa wenzangu watataka kushiriki. Mwenye mrija wa dawa kifuani au mkononi asiingie majini. Aliye kwenye tibakemikali kinga yake iko chini, na ngozi iliyopigwa mionzi karibuni haitaki jua wala maji yenye klorini. Kila mmoja aje na idhini ya daktari wake. Anayekosa kupanda ahesabu mizunguko, apige ngoma, aandike ahadi. Asipewe kiti cha huruma.

Baba Neema: Nimeandika yote. Na kile kiti cha kivulini kimefutwa.

Neema: Shikamooni. Shangazi, naomba nipige ngoma kwenye mtumbwi wako.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Unajua kuogelea?

Neema: Ndiyo, na jaketi nitavaa.

Shangazi: Njoo mazoezini Jumamosi. Makafi yote yanafuata ngoma, ukiyumba tunagongana.

Rehema: Barua ya taasisi inaondoka leo usiku. Salum, nitumie fomu ya ahadi niisome kabla haijasambazwa.

Salum: Dakika tano.