Bangi ya tiba kwa anayeishi na VVU: kapsuli, mafuta au mvuke?

Mwanzi: Wakuu, daktari amesharidhia, kilichobaki ni kuchagua. Ipi bora?

Tumbusi: Bora kwa lipi? Hujataja dalili, ARV wala CD4, ile hesabu ya chembe za kinga.

Mwanzi: Miguu inawaka moto usiku, na chakula hakipiti.

Kapungu: Kwa chakula, dronabinol, yaani kapsuli ya THC, kile kilevi cha bangi. Marekani iliiidhinisha 1992 kwa wenye UKIMWI waliokonda kwa kukosa hamu ya kula. Miligramu 2.5 saa moja kabla ya chakula cha mchana, 2.5 kabla ya cha jioni. Kizunguzungu kikisumbua, bakiza moja tu ya usiku. Kapsuli zina mafuta ya ufuta. Mwenye mzio nayo asiziguse.

Shomoro: Miguu inataka mvuke. Utafiti wa San Francisco wa 2007, bangi yenye THC 3.56%: maumivu yalishuka 34%, na 17% kwa waliopewa iliyoondolewa THC.

Kapungu: Zile zilikuwa sigara, si mvuke. Tena watu 50, siku 5. Usimkuzie.

Tumbusi: Na CD4 ikiwa chini, maua ya bangi yenye ukungu wa Aspergillus ni balaa kwa mapafu. Ndiyo maana nauliza!

Mshubiri: Mafuta nayo yanaponza wasio na subira. Mtu anameza, dakika 40 kimya, anaongeza. Kinachomezwa huchukua saa moja hadi mbili kupanda, kwa hiyo dozi mbili zinamkuta pamoja: moyo mbio, hofu, akisimama presha inashuka anaanguka. Usiongeze siku hiyohiyo. Na matone hayalingani. Tumia bomba la mililita 1 lisilo na sindano. Chupa ikiandikwa THC miligramu 10 kwa mililita, 2.5 ni mililita 0.25.

Tumbusi: ARV, Mwanzi! Ritonavir na cobicistat hubana kimeng'enya cha CYP3A4 kinachovunja THC, dozi ndogo ikapiga kama kubwa. Dolutegravir haina tabia hiyo.

Mwanzi: Niko kwenye dolutegravir. Isoniazidi, ile dawa ya TB, nayo bado naimalizia.

Mshubiri: Isoniazidi! Na piridoksini unapewa?

Mwanzi: Ndiyo nini?

Mshubiri: Vitamini B6. Isoniazidi huimaliza mwilini, mishipa ya fahamu ya miguu ikaumia. Rudi kwa daktari na hilo kwanza, na isoniazidi usiiache mwenyewe.

Shomoro: Sawa, lakini hata B6 ikianza leo, usiku huu miguu itawaka vilevile. Mvuke.

Kapungu: Mvuke tena! CD4 yenyewe hajaitaja.